Mavazi ya Msahafu

Rukia mwanangu,

Salamu za Mungu zikufike hapo ulipolala, ukuta mmoja tu kutoka hapa nilipo, unakoroma kama shangazi yako ingawa nyote wawili mnakana.

Katika Mji wa Kale wote, tangu Kibokoni hadi Mlango wa Papa, hakuna nyumba iliyouheshimu Msahafu kama nyumba hii ya babako. Wahadithie hilo wenzako huko Nairobi, na asiyeamini aje nimuonyeshe.

Basi usiwahadithie. Maneno hayo nimejisifia kwayo tangu sina mvi, na leo baada ya alasiri nimeyakuta kuwa ni uongo, tena si uongo mdogo. Mpaka saa hii moyo haujarudi mahali pake. Ndiyo maana mistari hii inapanda na kushuka kama ngazi za nyumba yetu. Usinicheke.

Sikuandikii mambo ya kufunga mlango, kula vizuri na kutofuatana na usiowajua. Hayo shangazi yako ameshayasema yote, na mengine ameyarudia na tambuu mdomoni. Nakuandikia jambo lililotokea leo ulipokuwa Mbaraki kumuaga khalati yako. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Ukilisikia kwa shangazi, nakujua moyo wako, utafungua sanduku uanze kutoa nguo, na kesho treni ya jioni itaondoka nafasi yako ikiwa tupu. Wenzio watajifunza unesi, wewe utabaki hapa kunipimia sukari ya chai.

Unaijua ada ya nyumba hii. Anayesafiri hatoki mlangoni mpaka Msahafu unyanyuliwe juu naye apite chini yake, aende, arudi, aende tena. Ndivyo babu yako alivyopita alipokwenda Hija. Ndivyo Athmani wa shangazi alivyopita alipokwenda kutafuta kazi ya meli. Na Msahafu wenyewe unaujua, ule wa kidaka cha juu, niliopewa siku ya harusi yangu, ambao ulipokuwa mdogo ulidhani ni mto wa kulalia malaika. Ulikuwa na haki ya kudhani. Kila Shaabani, kabla ya mwezi wa mfungo, niliushonea vazi jipya, na la zamani sikulivua. Niliona ni utovu wa adabu kuuacha uchi hata kwa muda wa kutia uzi kwenye sindano. Basi nikavisha juu ya la jana, na la mwakani juu ya la leo. Mtu akiisifu kanzu niliyomshonea, nilimwambia, hiyo si kitu bwana, njoo ndani nikuonyeshe kazi.

Leo nikatawadha, nikapanda kigoda, nikaushusha ili niutie vazi la safari yako. Nilipoushika nikauona mwepesi. Nikajiambia, Shee, bado una nguvu, mzee. Kumbe.

Shangazi yako alikuwa kwenye mkeka na kijaluba chake cha tambuu.

"Utauvisha mpaka lini?" akaniuliza. "Umeshanenepa kama bwana forodha."

"Leo nitaupunguza, dada," nikamwambia, maana atlasi ya samawati niliyokuwa nimekata ilikuwa ndogo, haizunguki. Miaka yote hii sijawahi kukata kitambaa kikapungua. Leo kilipungua.

Nikaanza kufumua. La juu, bahameli ya zambarau ya mwaka jana. Chini yake lile la mwaka wa Uhuru, nyeusi na nyekundu na kijani, ambalo shangazi yako alisema nimeuvisha bendera. Chini zaidi bafta nyeupe, haina hata ua moja la darizi. Huo ndio mwaka tuliomzika mamako, na sindano ilikataa maua. Nikaendelea mpaka hariri ya kijani ya mwaka uliozaliwa wewe, yenye tundu la moto wa sigara, kwa kuwa ulikuwa ukilia na mimi nilikushika kwa mkono mmoja na kushona kwa mwingine. Nilikuwa nikifurahi peke yangu kama bibi harusi anayepekua sanduku. Yale matundu mengine, madogo kuliko tundu la sindano, sikuyaona. Fundi mzima, na miwani puani.

Nikafika kwenye ngozi. Nikafungua jalada.

Mwanangu, hapakuwa na kitu.

Sisemi kwamba karatasi zilikuwa zimechakaa. Zilikuwa zimeliwa. Pembeni ulibaki ukingo tu, kama kizingiti cha nyumba iliyobomolewa, na hapo ukingoni nusu ya neno huku, nukta kule. Katikati yote ilikuwa vumbi, laini kama poda ya mtoto, likanimwagikia mapajani juu ya kikoi. Ndani ya vumbi mlikuwa na vidudu vyeupe mfano wa ufuta, vimenona, vinajipindapinda kwenye mwanga kana kwamba mimi ndiye niliyevivamia nyumbani kwao.

Nilikaa vilevile. Sikuweza kusimama, kwani nikisimama vumbi litaanguka sakafuni, na vumbi lile lilikuwa Alhamdu, lilikuwa Yasini. Sikuweza kukaa, kwani lilikuwa limelala kwenye kikoi changu, kikoi cha kuendea sokoni. Mikono nimeinyanyua hewani kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Ningekuwa si mimi, ningecheka.

Tambuu ilisimama shavuni mwa shangazi yako.

"Shee," akasema baadaye. "Tangu lini?"

"Sijui, dada."

"Nambia tangu lini."

"Wallahi sijui."

"Athmani wangu alipopita hapo chini," akaniuliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya nazi, "juu yake palikuwa na nini?"

Sasa hapo, Rukia, ndipo nilipopigwa hasa. Unajua Athmani hajaandika tangu ile barua ya Bombay. Je, umewahi kumuona shangazi yako akimlilia? Hujamuona. Mtu akimuuliza habari za mwanawe, jibu lake ni moja: alipita chini ya maneno ya Mungu, popote alipo yu salama. Nimelisikia jibu hilo mpaka nikalizoea kama adhana, hulishtukii tena. Sikujua kwamba ndilo godoro lake, kwamba kila siku analalia hilo.

Vidudu vikaendelea kutembea.

Shangazi akainuka, akajifunga leso kiunoni.

"Mwana hasafiri," akasema. "Aliyepita chini ya vumbi yuwapi? Wa pili sitoi."

"Dada, si vumbi lililo…"

"Nyamaa, Shee. Ukitaka kumpeleka stesheni mpeleke, ni mwanao. Mimi sitoki kumuaga."

Akaingia chumbani, nikasikia komeo. Wewe uliporudi kutoka Mbaraki nilikwambia kichwa kinamuuma. Hakikumuuma kichwa.

Nilimwita jirani kupitia dirishani aniitie Maalim Mbwana wa msikiti wetu. Maalim na mimi tulianza chuo cha Kurani siku moja, juu ya mkeka mmoja. Yeye alihitimu kusoma, mimi nilihitimu kutoroka. Alinikuta palepale na mikono yangu hewani. Alitandika kitambaa cheupe, tukakusanya, yeye kwa kiganja, mimi kwa ncha za vidole, mpaka kikoi kikawa safi. Niliogopa kukikung'uta.

"Maalim," nikamwambia, "watu wameapa juu ya hiki. Yule muuza kahawa aliyeshukiwa kuiba bakuli la shaba la jirani yake, si wewe mwenyewe uliyeuleta hapa ugomvi wao? Akatia mkono juu ya bahameli, akaapa, wakapatana. Aliapa juu ya funza."

"Aliapa kwa Mungu. Wewe ulidhani Mungu huliwa na dudu?"

"Leo sidhani kitu."

"Basi leo ndiyo mara yako ya kwanza," akasema. Hata yeye ana mdomo, ila ameufunika kwa ndevu.

Nikamuuliza habari ya safari yako. Akasema safari ina lake na dudu wana lao, mwana aende. Nikamuuliza habari ya Athmani. Hapo alifunga pembe za kile kitambaa cheupe, akasema, "Hilo silijui, Shee." Katika majibu yote aliyowahi kunipa, hilo ndilo nililompendea.

Halafu akaniuliza yeye. "Mara ya mwisho kuufungua ilikuwa lini?"

"Kila Shaabani."

"Sikuulizi kuuvisha."

Nikaangalia ukuta. Wewe umekua ukiamini kwamba babako alihitimu, na mimi sikukusahihisha, hata siku ulipohitimu wewe na watu wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kweli ni kwamba niliishia katikati ya Juzuu Amma. Herufi nazijua, lakini nasoma kama mtu anayevuka mtaro gizani, mguu mbele, mguu nyuma, ngoja kwanza. Chuoni wenzangu walicheka, na kicheko kile kilinifuata mpaka nikaota ndevu. Umewahi kujiuliza mbona kwenye kila hitima mimi ndiye wa kwanza kushika dele na vikombe? Juzuu zikigawiwa, mwenye kumimina kahawa hapewi. Watu husema, tazameni Mzee Shee alivyo mnyenyekevu, anawahudumia wasomaji. Mnyenyekevu wa wapi. Nimewamiminia kahawa wasomaji wa maiti wote wa mji huu ili nisiambiwe, shika hii, soma.

Na vazi nalo lilikuwa dele jingine. Kitabu kilichoshonwa, nani atakwambia ukisome? Ataangalia darizi, atasema mashallah, ataondoka. Nilikishonea kila mwaka na kila mwaka nilipumua.

Mamako alijua. Yeye alikuwa na ule Msahafu wake usio na jalada, wa kununua mtumba, aliousoma kila asubuhi huku chai iko motoni. Kingo za karatasi zilikuwa na mafuta ya vidole na harufu ya hiliki. Nilikuwa nikimgombeza. Siku moja nilimwambia mbele ya shangazi yako, "Kitabu cha Mungu hakikai jikoni, mwanamke wee. Hata haya huna?" Akaniangalia, akapuliza moto.

"Kweli, mume wangu," akasema. "Basi leo nisomee wewe, kwa kile chako cha harusi."

Nikakumbuka nina mteja anayesubiri kanzu. Hakunirudia tena maneno hayo maisha yake yote, na hakunisema kwa mtu. Mimi niliendelea kumgombeza, kwa sababu mtu akikusitiri sana unamchukia kidogo. Hilo nimelijua leo, na yeye hayupo.

Tulilizika lile vumbi nyuma ya msikiti, penye pembe ya ukuta ambapo miguu haifiki, mimi na Maalim tu. Mavazi sikuyazika. Maalim alisema kitambaa ni kitambaa. Nimeyarudisha nyumbani, yamekaa kwenye kiti kama mtu aliyeyeyuka ndani ya nguo zake, na kila nikiyatazama nashtuka upya.

Niliporudi nilifanya jambo la kijinga. Nilifungua sanduku lako. Usikunje uso, nimepanga nguo zote tena, ingawa si kama ulivyopanga wewe. Nilikuwa nautafuta Msahafu wa mamako. Juma lililopita nilikwambia uuache, nikasema utatutia aibu huko Nairobi, watu watadhani sisi hatuna mbele wala nyuma. Wewe ukasema, "Ndiyo, Baba," na ukaufunga ndani ya leso chini ya viatu. Hapana, chini ya mashuka. Viatu vilikuwa upande wa pili. Una adabu ya mamako na ujanja wangu, Mungu akulinde na mchanganyiko huo.

Nikaufungua. Nilikuwa nikitegemea vumbi. Haukuwa na dudu hata mmoja. Una mafuta, una punje ya mchele iliyoganda, una ua la asmini limekauka mpaka likawa kama ganda la kitunguu, na karatasi moja imeshonwa kwa uzi mweupe kwa mshono mbaya, mshono wa mamako kabisa. Lakini umejaa. Dudu gani atakaa kwenye nyumba ambayo mlango wake unafunguliwa kila alfajiri?

Na humo ndani, kila baada ya kurasa kadhaa, pana kipande chembamba cha kitambaa cha kuwekea alama. Nikavitoa kimoja kimoja kwenye taa. Hariri ya kijani. Atlasi ya manjano. Kipande cha ile ya buluu yenye nyota za fedha niliyoikeshea. Mamako alikuwa akiokota mabaki chini ya cherehani yangu kila Shaabani, baada ya mimi kulala. Hapana cha mwaka wa bafta nyeupe wala cha miaka iliyofuata, na sababu yake unaijua.

Kisha nikajaribu kusoma ukurasa mmoja. Sikwambii nilifika wapi. Nilifika.

Sasa sikiliza. Yale maneno niliyokwambia juma lililopita nimeyala. Uchukue Msahafu wa mamako, tena usiufiche chini ya mashuka. Uchakaze zaidi. Wenzako wakikuuliza mbona umechanika, waambie kwetu ndivyo tunavyoutumia, ingawa mmoja wetu alichelewa. Usome ukiwa umechoka, umerudi kutoka wodini na harufu ya dawa mikononi; nawa tu kwanza. Ukikosea soma tena. Akikucheka mtu, mwache acheke, hicho ni kicheko cha siku moja. Mimi nilikimbia kicheko cha siku moja na angalia nilichofungua leo.

Ila tatizo la nyumba hii halijesha. Shangazi yako bado amejifungia. Nimebisha baada ya isha nikampelekea mkate wa mofa na mchuzi. Nimevikuta mlangoni vimepoa. Simlaumu, na nakuomba usimlaumu. Nimemwambia kwa tundu la ufunguo yote aliyosema Maalim, kwamba anayelinda ni Mungu na si karatasi, naye akasema, "Najua hayo tangu hujazaliwa, Shee." Anayajua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumtoa mwana wa pili mlangoni ni kingine. Yeye ndiye aliyekulea tangu mamako alipotutoka. Ukiondoka bila yeye kukuaga, utakuwa Nairobi mwili tu, na hautapita mwezi utarudi. Nami nikimlazimisha atoke, atakuaga kwa mdomo, na usiku wake utakuwa mrefu kuliko ule wa kuondoka kwa Athmani.

Kwa hiyo kuna deni, Rukia. Ulidhani nimesahau? Ule mwaka wako wa pili wa kufunga mwezi mzima, shangazi yako alizikuta bajia nyuma ya mtungi, saa saba ya mchana, moja imeng'atwa. Nani alisema ni zake? Nilisema mimi. Nilikuwa na saumu yangu nzima, mate yamenikauka, nikasema mimi. Shangazi yako alinitangaza kama gunia la sukari lililoshuka bei. Nikaitwa kobe, yaani mla mchana wa Ramadhani, tangu Kuze mpaka Makupa, na watoto wakinifuata nyuma wakitambaa. Wewe ulikuwa umekaa pale kwenye ngazi, umetulia kama walii. Sikukudai siku hiyo wala Idi yake. Leo nakudai.

Asubuhi, ukishasali alfajiri, usije kwangu kwanza. Toa Msahafu wa mamako, ukabishe mlango wa shangazi yako. Usimbembeleze, usimtaje Athmani, na usimwambie maneno ya Maalim, ameyasikia. Mwambie huna wa kukunyanyulia. Sema baba mikono inamtetemeka. Si uongo, tazama hati hii. Atafungua akutukane kidogo, vumilia. Mpe mkononi. Kabla hajaunyanyua mwache aufungue, apekue kurasa kwa vidole vyake mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, hata kama atakawia, hata kama atalia. Wewe simama tu hapo, usimharakishe. Treni ni ya jioni.

Na asijue kwamba ni mimi niliyekutuma.

Babako,
Shee